Figo la Jumanne

Kila Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, kisu kililazwa juu ya gogo na hakuna nyama iliyokatwa. Hata kama umeacha mafuta yanachemka jikoni, hata kama wageni wamekwisha keti sebuleni, ungesubiri. Mwenye bucha, mtu mnene na mpole, alikuwa akifuta vidole kwenye aproni, akipanda juu ya kigoda na kuongeza sauti ya televisheni iliyofungwa ukutani juu ya jokofu.

"Haya jamani," angesema. "Anayetaka nyama asubiri matangazo."

Watu walimwita Mizani. Jina hilo hakupewa, alilirithi. Babu yake ndiye aliyefungua bucha lile kwenye kona ya mtaa wa maduka, na baba yake ndiye aliyeigeuza mizani ikawa inamtazama mteja badala ya muuzaji. "Asome yule anayekula," alisema mzee, na tangu siku hiyo akaitwa Mizani. Mwanawe akakua akiitwa Mizani Mdogo, na baba alipofariki ule udogo ukapukutika wenyewe. Katika miaka yote hiyo, mikononi mwa watu watatu, hakuna aliyewahi kurudisha nyama ya bucha lile akisema imeharibika, au ina mifupa kuliko haki, au si ile aliyoomba. Chema chajiuza, na wao walikiacha kijiuze.

Shule Mizani aliiacha mapema, baba yake alipoanza kuugua. Aliiacha darasa lao likiwa limefika kwenye mapafu. Habari za moyo hakuwahi kuzisikia. Kwa miaka thelathini alikata mioyo ya ng'ombe kila siku ya Mungu bila kujua damu huingilia wapi na kutokea wapi, na jambo hilo lilimkera kwa siri, kama kijiwe kilichoingia kwenye kiatu.

Ndipo kikaja kile kipindi. Televisheni ya bucha ilinunuliwa kwa ajili ya mpira, lakini Jumanne moja mechi iliahirishwa, na badala yake akatokea mama mmoja mwembamba mwenye miwani na koti jeupe, ameshika moyo wa ng'ombe kwenye sahani. "Leo," akasema, "tutafuata safari ya tone moja la damu." Mizani alibaki ameinua kisu hewani. Tone lilipomaliza safari yake, chozi nalo lilikuwa limeanza yake, akasingizia vitunguu, ingawa bucha haliuzi vitunguu.

Kuanzia hapo kipindi hicho, kilichoitwa *Tazama Ndani*, kikawa na wenyewe. Kwanza walikuwa wanne, kisha kumi, na kabla mwaka haujaisha Jumanne jioni ilikuwa huwezi kupata pa kuweka unyayo. Alikuwapo Mama Mgahawa, aliyekuwa na mgahawa wa viti kumi na viwili ng'ambo ya barabara, naye huja na kigoda chake mwenyewe. Alikuwapo Fundi Saa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee mkavu anayebishana hata na kivuli chake. Na wengine: dereva, mshonaji, makarani wawili wa posta. Yule mama wa kwenye televisheni hawakumjua kwa jina lingine ila Profesa, na walimzungumzia kama ndugu yao aliyefika mbali.

"Leo Profesa amekonda."

"Hajakonda, koti ndilo jipya."

Matangazo yalidumu dakika tatu. Katika dakika tatu hizo Mizani alihudumia watu wanane. Alikwisha jua nani anataka nini, na vipande alivitenga mapema, kilichobaki ni kupima na kufunga. Kisu kilikwenda kama cherehani. "Nusu kilo bila mfupa, mwenyewe yuko wapi? Maini, dada, haya. Kichwa cha mbuzi cha nani hiki kinanitazama?" Kisha sauti ya kipindi ingerudi, na kila mtu, mwenye nyama na asiye na nyama, angegeuka ukutani.

Sasa, Mizani alikuwa na kosa moja, na ni kosa la mtu aliyependa. Ubishi wowote uliotokea mtaani aliukata kwa Profesa. Fundi Saa alipodai kwamba moyo uko kushoto kabisa, Mizani aligonga gogo kwa kiganja: "Profesa amesema uko katikati, umeinama tu kushoto. Alichosema Profesa kimesemwa!" Fundi Saa alipodai kwamba mtu akilala damu nayo hulala, gogo likagongwa tena. Ikawa msemo. Hata Mama Mgahawa, wapishi wake wakigombana juu ya chumvi, aliwanyamazisha kwa kusema alichosema Profesa kimesemwa, ingawa Profesa hakuwahi kusema lolote juu ya chumvi.

Hivyo ndivyo mtu anavyojichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe.

Jumanne moja somo lilikuwa figo. Profesa alieleza jinsi mwili unavyochuja damu, na wasikilizaji wakawa wanajipapasa migongoni. Kisha akavuta sahani nyeupe. "Ili tuone vizuri," akasema, "nimeleta hapa figo la ng'ombe."

Mizani alilitazama figo lile na masikio yakamwasha. Lilikuwa dogo, la mviringo, laini, linang'aa kama jiwe la mtoni. Figo la ng'ombe haliko hivyo. Figo la ng'ombe ni kubwa, na lina vifundo vifundo vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Lile la kwenye sahani lilikuwa figo la kondoo. Angelitambua hata amefumba macho, kwa kidole tu.

Alifungua kinywa. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamenyamaza, wanatazama. Profesa alikuwa anapitisha kisu taratibu, anaeleza vizuri, kwa upole, kama kawaida yake. Mizani akafikiri: nimkatize mwanamke aliyenifundisha moyo, kwa sababu msaidizi wake amekosea sokoni? Akafunga kinywa. Kipindi kikaisha, watu wakaenda zao, naye akafuta gogo.

Kesho yake asubuhi Mama Mgahawa aliingia amebeba sufuria yenye mfuniko. Kila Jumatano alinunua mafigo ya ng'ombe kwa ajili ya wateja wake wa mchana, miaka kumi na sita sasa. Aliweka sufuria juu ya kaunta, akafunua.

"Kaka yangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Hiki ni nini?"

"Ni figo, mama. Si umelichukua mwenyewe leo saa moja asubuhi?"

"La mnyama gani?"

"La ng'ombe!"

"La ng'ombe tumeliona jana, mimi na wewe, kwa macho yetu haya. Laini kama yai. Hili lina manundu. Miaka kumi na sita nawakatia wateja wangu manundu, nawaambia ng'ombe. Kaka, niambie kweli, nisiisikie kwa watu."

"Mama, lile la jana lilikuwa la kondoo. Profesa alikosea."

Mara tu maneno yalipomtoka alijua yamechelewa. Jana yangekuwa habari. Leo yalikuwa utetezi.

Fundi Saa, ambaye hakuna neno linalompita, alikuwa tayari mlangoni na miwani yake ya kukuzia ikiwa kwenye paji la uso. "Amekosea?" akauliza. "Profesa?" Akatabasamu taratibu, kama mtu aliyeona sahani aliyoisubiri mwaka mzima ikiletwa mezani. "Jirani, jana ulikuwepo. Mbona hukusema? Na mimi nilidhani alichosema Profesa kimesemwa."

Mama Mgahawa alifunika sufuria yake, akaiacha pale pale juu ya kaunta, akavuka barabara. Nyama ya bucha lile ilikuwa imerudishwa.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia Alhamisi lilikuwa limekwisha kuja na limejaa mtaani: Mizani anauza nyama ya punda. Hakuna aliyejua figo la punda lina sura gani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, kila mmoja alikuwa na hakika. Mshonaji aliyenunua maini kila Ijumaa alipita upande wa pili wa barabara akitazama juu, kama anayehesabu mawingu. Dereva alisimama mlangoni, akalia "hii-hoo" kwa sauti ndogo, akakimbia na akili zake zote za mtu mzima. Nyama iliyokuwa ikiisha saa sita ilifika jioni ingali imening'inia, nayo mizani iliyomtazama mteja ilitazama mlango mtupu.

Nyumbani mkewe, ambaye alikuwa nesi, alimwekea chakula hakugusa.

"Baba watoto, ungesema palepale."

"Ningemwaibisha."

"Yeye yuko mbali, hata asingekusikia! Umemstahi mtu wa kwenye kioo, ukajitia aibu wewe uliye kwenye jua."

"Najua."

"Basi zima hiyo televisheni. Jumanne ijayo wakija wakute giza."

Mizani alisukuma sahani kando. "Jumanne ijayo ni sikio," akasema kwa unyonge. "Nilikuwa nalisubiri sana sikio."

Mkewe alimtazama, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa alikwenda kwa mama yake. Bibi huyo alikuwa mjane kwa miaka kumi na moja sasa, mrefu, mnyoofu kama mstari, na hata ndani ya nyumba alivaa kana kwamba mtu mkubwa angeweza kubisha hodi wakati wowote. Habari zilikwisha kumfikia. Hakumpa mwanawe nafasi ya kueleza.

"Wanasema punda."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia ni ng'ombe. Hawaniamini. Wanaamini walichokiona."

"Wana haki," alisema bibi, na Mizani akainua uso kwa mshangao. "Wameona kitu kwa macho, wewe umewapa maneno. Baba yako aliwahi kumwambia mtu 'niamini'? Aligeuza mizani. Mwanangu, jina letu halitetewi kwa mdomo. Mafigo unayapataje kutoka machinjioni?"

"Kwenye ndoo. Wanayatoa, wanayatenga na maini na mioyo, wanatuletea yote pamoja."

"Kwa hiyo hata mimi nikija, nitaona ndoo."

Mizani alimtazama mama yake, na polepole, kama taa yenye umeme mdogo, uso wake ukawaka.

Jumanne ilipofika alikuwa machinjioni kabla ya jua. Mkaguzi wa nyama, aliyemfahamu tangu enzi za baba yake, alimsikiliza huku amekwisha inua muhuri. "Unataka robo ya nyuma nzima? Bila kutoa figo?"

"Figo libaki ndani ya mafuta yake, palepale lilipoota. Lisiguswe. Na mkia usikatwe."

"Mkia wa nini?"

"Wa ushahidi."

Mkaguzi alicheka, lakini akaelewa, maana uvumi ule ulikuwa umemfikia hata yeye na haukumpendeza. Ng'ombe wote wa Mizani walipitia chini ya muhuri wake. Alipiga muhuri mara tatu pale ambapo mara moja ilitosha.

Jioni watu walikuja. Hilo ndilo lililomchekesha Mizani hata katika dhiki yake: nyama walisusa, kipindi hawakususa. Waliingia mmoja mmoja bila kumtazama, kama watu wanaoingia msibani kwa adui, wakajipanga mahali pao. Fundi Saa alisimama mbele kabisa. Mama Mgahawa alikuja na kigoda chake, akakiweka karibu na mlango. Halafu kelele zikakatika, kwa kuwa yule bibi mrefu alikuwa ameingia. Hakuwa amekanyaga bucha lile tangu mazishi ya mumewe. Mtu alimpisha kiti, akaketi, akaweka mkoba wake magotini.

"Karibu, mama," alisema Fundi Saa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haya. "Umekuja kununua?"

"Nimekuja kutazama," alijibu bibi. "Si ndiyo kazi ya hapa siku hizi?"

Profesa alianza. Akaeleza ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu vidogo kama punje za mchele. Mizani alijaribu kutosikiliza, akashindwa. Kwenye vile vifupa alijisahau kabisa, kinywa wazi. Matangazo yalipoingia, mkewe, aliyekuja kusimama naye nyuma ya kaunta, ndiye aliyemfinya.

"Jamani," alisema Mizani. "Nina dakika tatu."

Aliingia chumba cha baridi cha nyuma, akatoka amebeba robo ya nyuma nzima ya ng'ombe begani, mkia ukining'inia na kumpiga kisogoni, akaitundika kwenye kulabu katikati ya bucha. Muhuri ulionekana mara tatu. Kwa ndani, kando ya uti wa mgongo, kulikuwa na donge kubwa la mafuta meupe, zima, halijaguswa na kisu.

"Mkia huu wa nani?"

Akamgeukia Fundi Saa.

"Fundi, wewe una jicho la kuona meno ya gurudumu la saa. Mkia huu ni wa mnyama gani?"

Fundi Saa aliteremsha miwani yake kwenye jicho, akasogea, akauchunguza mkia kuanzia shina mpaka ncha kama saa iliyosimama. "Ng'ombe," akasema kwa shida.

"Haya mafuta, kuna aliyeyagusa?"

Fundi Saa alipitisha kidole. "Hayajaguswa."

"Basi yafungue wewe." Mizani akampa kisu, mpini kwanza.

Hilo hakulitarajia mtu. Mkono wa Fundi Saa uliozoea skurubu ndogo kuliko sisimizi ulikishika kile kisu kikubwa kama mtu anayeshika nyoka wa jirani. Alipasua mafuta. Akapanua kwa vidole. Na humo ndani, jekundu, kubwa, likatokea figo lenye vifundo kama kichala cha zabibu, limeshikana bado na mwili wa mwenyewe.

"Manundu!" alipiga kelele karani mmoja wa posta.

"Na hili," Mizani alisema, akiweka juu ya gogo figo jingine dogo, laini, linalong'aa, "ni la kondoo. Kondoo mwenyewe yule pale kwenye kulabu. Mnalikumbuka?"

Walilikumbuka. Bucha lote lilipumua kwa pamoja.

"Kwa hiyo Profesa ni mwongo?" aliuliza dereva, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Nani amesema mwongo?" Mizani alifoka, na wote wakashtuka, maana hakuwahi kufoka. "Yote aliyosema kuhusu figo ni kweli, linavyochuja, linavyopokea damu, yote! Amepelekewa sahani isiyo yake, basi. Wewe gari lako likijazwa mafuta yasiyo yake, utaitwa hujui kuendesha? Na kosa la pili ni langu. Niliona palepale nikanyamaza. Nimewafundisha kumwamini bila kutazama, na nilipotazama mwenyewe sikusema." Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Haya, nyamazeni sasa, Profesa amerudi! Sikio halijaisha!"

Wakanyamaza kweli, wakageukia ukutani, na Fundi Saa akatazama nusu ya pili ya sikio akiwa bado ameshika kisu.

Kipindi kilipoisha Mama Mgahawa aliinuka, akaliendea figo la manundu, akaligeuza mikononi mara mbili. "Nifungie," alisema. "Na kesho niwekee kama kawaida." Alisita. "Ile sufuria yangu bado ipo?"

"Nimeiosha, iko pale."

"Nisamehe, kaka. Miaka kumi na sita ni mingi, nilipaswa kukuuliza kwa mlango wa nyuma."

"Uliniuliza mimi kabla ya mtu mwingine," alisema Mizani. "Wengine hawakuniuliza kabisa." Na hapo mshonaji akakohoa, akaomba maini kilo mbili, yeye anayenunua robo.

Watu walitaka barua iandikwe kituo cha televisheni usiku uleule, wote watie sahihi, ipelekwe na magazetini. Bibi alikataa bila kuinuka. "Jina letu lilichafuliwa hadharani, limesafishwa hadharani. Yeye hajatukosea kwa kusudi, na mtu huonywa faraghani. Mwandikie peke yake, mwanangu, kwa heshima, ufunge bahasha."

Mkewe ndiye aliyeandika, mwandiko wa Mizani ukiwa umeishia kwenye mapafu. Wiki tatu baadaye, kipindi kikiwa kimehamia kwenye mambo ya anga, Profesa alivua miwani kabla ya kuaga. Alisema alikosea kuhusu figo, kwamba lile lilikuwa la kondoo, na kwamba anamshukuru mtazamaji mmoja, "muuza nyama ambaye ningependa awe mwanafunzi wangu, au mimi niwe wake."

Katika bucha hakuna aliyepiga makofi. Walimtazama tu Mizani, ambaye alikuwa ameinama anafuta gogo lililokwisha kuwa safi.

Heshima hiyo nayo ikamletea taabu yake. Kuanzia jioni hiyo watu hawakumwamini tena Profesa mpaka wamtazame Mizani. Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya nyota. Profesa alisema mwanga wa baadhi ya nyota ulianza safari kabla babu zetu hawajazaliwa, na vichwa ishirini na zaidi viligeuka kwa pamoja kuelekea kwenye gogo.

"Eti kweli?" aliuliza Fundi Saa, kwa unyenyekevu kabisa.

"Jirani, mimi nauza nyama!"

"Lakini unaonaje?"

Mizani aliutazama ukuta, akaitazama kulabu yenye kondoo, akakuna kisogo. "Mimi nijuavyo," alisema mwishoni, "ng'ombe hajafika huko. Sasa nyamazeni nisikie."